Mwalimu Aliyeitwa Sikujua

Jina hili sikulitunga mimi. Mombasa tulikuwa na mwalimu aitwaye Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890. Bila yeye, tungo nyingi za Muyaka bin Haji zingetupotea.

Muyaka alifariki karibu 1840. Miongo kadhaa baadaye, Sikujua akawa anazikusanya tungo zile kutoka vichwani mwa watu na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Na hati zile zina mtego: herufi moja, be, yaweza kusomwa b, p au mb. Msomaji lazima ajiulize: hapa nimeelewa kweli, ama nabahatisha? Sikujua ndiye aliyemfafanulia Mwingereza W. E. Taylor maneno magumu. Mwaka 1940 kikatoka kitabu, Diwani ya Muyaka.

Sasa iulize ChatGPT maana ya neno la Kimvita cha zamani. Itakujibu kwa ufasaha ule ule, ijue isijue. Ujuzi wake na ubahatishaji wake vyavaa kanzu moja! Wa kuvitofautisha ni wewe, na utavitofautishaje kama hujawahi kujipima?

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo hapa siwapigii debe maprofesa. Lakini jamani, kujipima hakuna wa kukufanyia. Ukishapata jibu la AI, weka simu mfukoni, keti barazani hapo Mji wa Kale, uwaelezee wazee kwa maneno yako. Pale utakapokwama, hapo ndipo pa kuanza kusoma.