Majina ya Mungu katika Nyimbo za Ibada za Wahindu: Tatizo la Tafsiri kutoka Eastleigh

Mtaa wa Pumwani, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makao ya Waafrika mjini Nairobi, umepakana na Eastleigh, ambako mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi walikaa kwa wingi hadi miaka ya 1960. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwahamisha wengi wasiokuwa raia, na tangu 1991 Eastleigh imejulikana zaidi kwa biashara za Wasomali. Kwa muda wa miongo kadhaa, basi, dhikiri za Waislamu wa Pumwani na bajani za Wahindu zilisikika katika mitaa iliyopakana, walakini jirani hakufahamu alichokiimba jirani. Kiswahili kilikwisha kutoa hukumu yake: Mhindu aliitwa Baniani, na majina aliyoyaimba yakaitwa miungu.

Hukumu hiyo imo katika sarufi yenyewe. Neno Mungu, likiwa katika umoja, hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai: Mungu anajua, Mungu mwema. Likitiwa katika wingi, aghalabu hushuka hadi ngeli ya miti na mito: miungu mingi, miungu yao. Mfasiri anayeandika kwamba bajani huimbiwa "miungu" amekwisha kuamua shauri kabla ya kuusikiliza wimbo.

Wahindu wenyewe wamelijadili jambo hili kwa ukali. Arya Samaj, ambayo ilianzishwa Nairobi mwaka 1903, hufuata mafundisho ya Dayananda Saraswati, aliyekataa ibada ya sanamu. Sura ya kwanza ya kitabu chake Satyarth Prakash, kilichochapishwa mwaka 1875, hueleza majina mia moja, na shabaha yake ni kuthibitisha kwamba yote humtaja Mungu mmoja, ambaye jina lake kuu ni Om. Wahindu wanaoheshimu sanamu hawakubaliani naye katika mengi. Hata hivyo nao husoma orodha ya majina elfu moja ya Vishnu iliyomo katika Mahabharata, elfu moja ya huyo huyo mmoja.

Hata hivyo bajani si hoja ya mwanatheolojia. Jina katika bajani ni kisa kilichofupishwa. Mirabai, binti wa ukoo wa kifalme wa Rajasthani wa karne ya 16, humwita Krishna kwa jina la Giridhar, yaani mshika mlima, kwa kuwa aliuinua mlima Govardhan ukawa mwavuli wa watu na ng'ombe wakati wa gharika. Anayeita Giridhar anaomba kufunikwa. Damodar ni jina la namna nyingine kabisa: ni yule aliyefungwa kamba tumboni, maana mama yake alimfunga kwenye kinu kwa utundu wake wa utotoni. Anayeliimba jina hili anamkumbuka Mungu aliyekubali kufungwa na mapenzi ya mama. Shiva naye huitwa Nilkanth, mwenye koo la buluu, kwani aliinywa sumu iliyotoka baharini ili walimwengu wasife, ikambakia kooni. Gopal, mchunga ng'ombe, hana haja ya sherehe ndefu kwa msomaji aliyekulia katika boma. Tafsiri inayoandika "Ee Mungu" mahali pote hapo imetupa mlima, kamba na sumu kwa pamoja.

Je, Kiswahili kina njia gani? Ya kwanza kufikiriwa ni majina ya sifa, kama yale tisini na tisa yanayotajwa katika dhikiri za Pumwani: mwenye dhiki ya riziki humwita Razaki, mwenye kutubu humwita Ghafuri. Ufanani upo, maana haja ndiyo inayochagua jina. Lakini sifa ni ya milele, ilhali Damodar ni tukio lenye mama na kinu ndani yake. Mfano wa Wakamba unakaribia zaidi: Mulungu huitwa pia Mumbi, mfinyanzi, na Mwatuangi, mpasuaji, majina yanayotokana na vitendo, wala hakuna anayehesabu hapo miungu watatu. Neno la Kiswahili lifaalo ni lakabu, jina alipatalo mtu kwa tendo lake. Afadhali Giridhar abaki Giridhar katika tafsiri, na lakabu yake ifafanuliwe.

Hata lakabu haimalizi kazi. Rama wa Tulsidas, aliyeanza kuitunga Ramcharitmanas mwaka 1574, ni mwana wa mfalme wa Ayodhya, tena mshairi huyo hushikilia kwamba jina la Rama ni kubwa kuliko Rama mwenyewe. Kabir, mfumaji wa Banaras wa karne ya 15, huimba jina lilo hilo, lakini Rama wake hakuzaliwa na mtu wala hana umbo. Nyimbo za wote wawili huweza kuimbwa katika kikao kimoja, na mfasiri atalazimika kuandika maelezo mawili chini ya jina moja.