Kura ya mitaa inatuambia nini kuhusu uchaguzi mkuu?

Wadau, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu huwa tunapiga kura ya wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa. 2014, 2019, 2024. Vijiweni hapa Masasi na kule Newala watu wanaichukulia kama mvua za kwanza, ukiziona unajua msimu utakuwaje. Mimi nasema inategemea.

Kwanza jambo ambalo wengi hawalijui. Uchaguzi mkuu uko chini ya Tume, lakini huu wa mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, yaani serikali yenyewe. Hata orodha ya wapiga kura ni nyingine, siyo lile daftari la kudumu.

Tuanze na Desemba 14, 2014. CCM ilipata karibu asilimia 80 ya vijiji, wakati 2009 ilivuka 90. Wengine wakasema 80 si bado ushindi mnono? Sawa, lakini angalia imeshuka kiasi gani. 2015 Magufuli akapata asilimia 58.46, ndogo kuliko mgombea yeyote wa CCM tangu vyama vingi virudi. Huku kwetu CUF ikabeba Tandahimba na Mtwara Mjini, CHADEMA ikachukua Ndanda. Newala ilibaki CCM. Masasi Mjini ilingoja hadi Desemba, maana Dk. Emmanuel Makaidi wa NLD alifariki siku chache kabla ya kura, kisha CCM ikashinda. Kwa hiyo kura ya mitaa ilionyesha ukuta una ufa, ila haikusema ufa uko jimbo gani.

Sasa njoo 2019, hapa ndipo penye ishu. Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kusomba. Wakulima wengi wakakaa miezi bila kuona hela. Mwaka mmoja baadaye ndiyo kura ya mitaa. Ukitaka kupima hasira ya mkulima wa korosho, kipimo kilikuwa hicho. Lakini wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye fomu, vyama vikubwa vikasusa, CCM ikapata zaidi ya asilimia 99. Hasira ilipimwa wapi? Haikupimwa! Mbunge wa Ndanda naye akahamia CCM kabla ya 2020, na mwaka huo Magufuli akatangazwa kwa asilimia 84.

Novemba 2024 tena karibu 99. Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwemo kabisa, mgombea wa ACT-Wazalendo aliondolewa, Rais Samia akatangazwa kwa 97.66. Maandamano yakazuka siku ileile, watu wakafa, intaneti ikazimwa. Kura ya mitaa ilishatuonyesha karatasi itakuwa na majina gani. Kilichomo moyoni mwa watu haikukigusa.

Wamarekani wanazitazama Virginia na New Jersey hivihivi. 2009 Republican walishinda ugavana kote kuwili, 2010 wakalichukua Baraza la Wawakilishi. Ila kule pande zote mbili zilikuwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana matokeo ya mitaa yakitoka mimi naanza na waliopita bila kupingwa, asilimia baadaye. Wa Newala, Nanyamba na Tandahimba, 2024 kitongoji chenu kilikuwa na wagombea wangapi? Tuambieni.