Gazi ya Ziwa Kivu: moto wa Rubona na makala ya Ndosho

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru wakaaji wa kata kumi za Goma wahame. Alieleza kwamba moto wa volkano umeenea chini ya mji hadi chini ya ziwa. Barabara ya Sake, inayopita Ndosho, ilijaa watu wenye magodoro na watoto mgongoni. Neno moja lilikuwa kinywani mwa wengi: gazi.

Lakini Goma neno hilo hubeba vitu viwili, na kuvichanganya ni hatari.

Ya kwanza ni gazi kaboni, ile ya mazuku. Ina uzito wa mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inatulia mashimoni na mabondeni. Haiwaki, haina rangi wala harufu. Huua watu na mifugo pande za Bulengo na Lac Vert, hasa alfajiri upepo ukiwa umetulia.

Ya pili ni metani. Hiyo ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa hewa, hivyo ikitoka hupanda juu. Nayo haina harufu, lakini inawaka: ikifika sehemu 5 hadi 15 katika kila 100 za hewa, cheche moja inatosha.

Ziwa Kivu lina zote mbili. Kuna karibu kilometa 60 za ujazo za metani na karibu 300 za gazi kaboni, zimeyeyuka ndani ya maji ya chini. Kina cha ziwa kinafika mita 485, na uzito wa maji ya juu ndio unaozibana, kama kizibo kinavyobana chupa ya bia. Kizibo kikifunguka ghafla, zinatoka kwa pamoja. Huko Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa gazi kaboni na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Hapa kwetu, Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kuingia ziwani, lakini haukufika kwenye maji ya chini yenye gazi. Kizibo kilishika.

Kizibo hicho kinaweza pia kufunguliwa polepole. Bomba linashushwa mamia ya mita na maji yanavutwa. Yanapopanda, mbano unapungua, povu linatoka, na povu lenyewe linaendelea kuyasukuma maji juu. Gazi kaboni inaoshwa kwa maji, metani inabaki. Kazi hiyo ilianza zamani: tangu mwaka 1963, metani ya Rubona, upande wa Rwanda, iliwasha moto wa kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilipatana kutumia gazi hiyo pamoja. Mwaka 2016 Rwanda ilizindua kiwanda cha umeme cha megawati 26 huko Karongi, kisha kikafuata kingine cha megawati 56 huko Rubavu. Upande wa Kongo, mwaka 2022 serikali iliita makampuni kushindania maeneo matatu ya gazi: Makelele, Idjwi na Lwandjofu.

Wakati huo wote, Ndosho imepika kwa makala. Mita moja ya ujazo ya metani ina joto linalozidi kidogo lile la kilo moja ya makala. Lakini metani haijazwi kirahisi katika chupa kama gazi ya kupikia inayouzwa madukani. Ile hugeuka maji ikibanwa. Metani inataka baridi kali kupita kiasi, digrii 161 chini ya sufuri. Ndiyo maana inatumika karibu na ziwa, kwa bomba au kwa kugeuzwa umeme. Pasipo mtambo ufukweni, haifiki jikoni, na miti ya Virunga inaendelea kulipa deni.

Kwa familia za wahami waliojenga juu ya mawe ya volkano, somo la kwanza ni la leo: mtoto asilale shimoni, na mtu akianguka bondeni penye mazuku, mwingine asishuke mbio kumfuata. Gazi ya kuwasha taa ingali chini ya maji. Ya kuua iko pia nchi kavu, pembeni ya hema.