Noeli ya Boga: udongo, ulezi na mandazi

Huko Boga, karibu kilometa 100 kusini mwa Bunia, Noeli huanza na udongo. Mwezi wa kumi na mbili, mvua inapoanza kupungua, wamama na wasichana huchimba udongo wa kupakia, wanauchanganya na majivu na mavi ya ng'ombe, kisha wanapaka kuta za nyumba upya. Nyumba ya mwalimu hupakwa, na ile ya mjane hupakwa pia, hata kama ni watoto wa majirani ndio wanakwenda kumsaidia. Udongo mwekundu unakaa chini, mweupe juu. Mtoto akiona mama yake ana mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, anajua siku zimekaribia, na anaanza kuuliza habari ya nguo mpya.

Msomaji wa mjini, aliyezoea kununua Noeli yote kwa siku moja sokoni, anaweza kushangaa. Lakini Noeli ilifika Boga kwa miguu, mahali ambapo hapakuwa na duka hata moja. Kila kitu cha kuisherehekea kilitoka shambani, zizini na mikononi mwa watu wa nyumba. Na hata leo, tukitazama vizuri, sehemu kubwa ya siku kuu hiyo bado inatengenezwa nyumbani.

Aliyeileta anajulikana. Apolo Kivebulaya, Muganda, mwalimu wa Kanisa la Anglikana, alifika Boga mwaka wa 1896 akitokea Toro, upande wa pili wa mto Semuliki. Walimu waliomtangulia walishindwa kukaa kwa sababu walinyimwa chakula. Chifu Tabaro hakuwataka, na watu waliogopa kuwapa au kuwauzia. Apolo naye alikuta mlango huohuo umefungwa, akashika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Alipigwa, nyumba yake ilichomwa, akafungwa. Mwishoni Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alikufa mwaka wa 1933 na kaburi lake liko Boga. Aliomba alazwe kichwa kikielekea msituni, upande ambako kazi ilikuwa ingali, badala ya kuelekea kwao Buganda.

Pamoja na Injili, Apolo alileta kalenda. Waganda wanaita Noeli Ssekukkulu, na jina hilo si jingine ila "siku kuu" ya Kiswahili iliyopanda kutoka pwani pamoja na misafara, ikabadilishwa kidogo na midomo ya Waganda. Kwa hiyo watu wa Boga walipofundishwa siku hiyo kwa vitabu vya Kiganda, walipokea neno la pwani lililokuwa limekwisha zunguka Ziwa Viktoria. Kiswahili chenyewe kilikuwa kikiingia Ituri kwa njia nyingine, upande wa magharibi, na watu wa Manyema. Stanley alipopita msituni miaka ya 1887 hadi 1889 aliwakuta wafanyabiashara hao pale Ipoto.

Basi siku kuu ikawepo. Itapikwa nini?

Bahema wa Boga ni ndugu wa Batooro na Banyoro kwa lugha na kwa desturi, na meza ya heshima kwao ilikuwa moja: bugali wa ulezi, nyama, maziwa na siagi. Noeli ilichukua meza hiyo kama ilivyokuwa. Ulezi ulisagwa juu ya jiwe, kazi ya wasichana, na sauti ya mawe usiku wa tarehe 24 ilitosha kumwambia mpita njia ni nyumba gani itakuwa na wageni wengi. Maziwa yaliwekwa ndani ya kibuyu, yakatikiswa juu ya magoti mpaka siagi ikashikamana. Wasio na ng'ombe walileta ndizi, mihogo, kuku, samaki, au mikono yao tu ya kufanya kazi, na walikula.

Bugali wa ulezi hauwekwi kwenye sahani. Una kapu lake dogo lenye kifuniko, ambalo Batooro na Banyoro wanaliita endiiro. Linasukwa kwa kuzungusha mabua membamba na kuyafunga kwa nyuzi, pande kwa pande, mpaka linakuwa zito na kushikilia joto. Nyuzi nyingine hutiwa rangi nyeusi au ya zambarau ili kutoa michoro. Kapu moja linaweza kumaliza wiki nyingi kwa mama mwenye shamba na watoto, kwa hiyo la Noeli linaanzwa mapema sana. Bibi anakaa na mjukuu, mmoja anasuka kapu, mwingine anasuka kidogo kidogo kakapu ka kujifunzia ambako mara nyingi kanapinda upande. Hako kakapu hakatupwi. Kanawekewa karanga siku ya Noeli, na kila mgeni anaonyeshwa.

Halafu ukaja mpaka. Mkataba wa 1910 kati ya Waingereza na Wabelgiji uliiacha Boga upande wa Kongo, wakati kanisa lake lilikuwa limezaliwa upande wa Uganda. Watu hawakuacha kuvuka Semuliki, maana wake, mashemeji na soko vilikuwa ng'ambo. Lakini sasa mkono mmoja wa Boga ulikuwa unashika Fort Portal na mwingine unashika Irumu na Bunia, na jambo hilo linaonekana hata katika vyakula. Mpaka leo, kitu kilekile kilichopikwa kwa farini, mayai na sukari kinaitwa keki na waliosoma Uganda, na gato na waliosoma Bunia. Katika famili nyingine mabishano hayo yanamaliza saa nzima, na gato limekwisha kuliwa.

Farini ya ngano ilikuja na maduka ya wakati wa Wabelgiji, na migodi ya dhahabu ya Kilo na Moto iliyokusanya wafanyakazi wa kila kabila wenye mshahara na hamu ya mkate. Haikuwa ya bei rahisi. Ndiyo sababu mandazi, ambayo mjini ni chakula cha asubuhi cha kila siku, kule vijijini yalikuwa chakula cha Noeli na Bonane. Mama alinunua farini kidogo kidogo, kikombe kimoja kimoja, akaificha ndani ya debe mbali na panya na mbali na watoto.

Namna ya kuyatengeneza inastahili kuelezwa, maana kuna vijana wa Bunia leo wanaojua kuyala tu. Farini inachanganywa na sukari, chumvi na levire, inakandwa kwa maji ya vuguvugu mpaka inaacha kushika vidole, inafunikwa kwa kitambaa na kuwekwa karibu na moto ili iumuke. Pasipo levire ya duka, pombe changa ya ndizi inafanya kazi hiyohiyo, kama vile watu wa pwani wanavyotumia tembo la mnazi. (Hapo wakristo wa uamsho, wasiogusa pombe hata kwa ncha ya ulimi, walikuwa na shida kidogo.) Sukari ikipungua, ndizi zilizoiva sana zinapondwa na kuingizwa ndani. Ndizi hizo zikichanganywa na unga wa mihogo badala ya farini, kinachotoka ni kabalagala ya Waganda, laini na nyekundu, na wazee wengi wanaipenda kuliko mandazi yenyewe. Mafuta ni ya mawese, ambayo lazima kwanza yachemshwe mpaka wekundu na harufu vipungue. Mtu akifanya haraka hapo, mandazi yote yatakuwa na ladha ya sombe.

Gato ni kazi nyingine, na ndiyo inayoonyesha akili ya wamama hawa. Nyumba nyingi hazina furu. Wanachukua sufuria kubwa, wanaweka mchanga mkavu chini, wanaiacha ipate moto juu ya mafiga. Ndani yake wanaweka sufuria ndogo au mkebe uliopakwa mafuta, wenye mchanganyiko wa gato. Wanafunika kwa kifuniko cha bati na juu ya kifuniko wanamwaga makala yenye moto. Moto wa chini unapunguzwa, wa juu unaongezwa. Hapo panahitajika mtu mmoja asiye na kazi nyingine, na kwa kawaida ni msichana wa miaka kumi na miwili hivi, anayeambiwa asifunue. Baada ya muda anachoma gato kwa njiti ya ufagio: njiti ikitoka kavu, limeiva. Kila famili ina hadithi ya mwaka ambapo kifuniko kilianguka na makala yakaingia ndani. Gato lilipanguswa, likaliwa vilevile.

Wakati huo wanaume na vijana wako kanisani. Wanakata migomba na kuisimamisha mlangoni kama nguzo, wanakunja matawi ya mitende kuwa upinde, wanachomeka maua mekundu na ya manjano kila mahali panapoingia kidole. Ndani wanafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kamba wananing'iniza karatasi za daftari la mwaka uliokwisha, zilizokatwa kuwa nyota na minyororo. Karatasi za choo za rangi ya waridi zilipofika madukani nazo zilipandishwa juu, zikazungushwa kama utepe, na hakuna aliyecheka. Zilikuwa nzuri. Watoto kwa upande wao wanatengeneza gari kwa mikebe ya samaki, magurudumu kwa kandambili zilizokatika, na asubuhi ya Noeli barabara ya mbele ya kanisa inajaa msafara wa malori yasiyo na petroli.

Yote hayo yalipita vita mbalimbali. Boga ikawa makao ya dayosisi mwaka wa 1972, Philip Ridsdale akiwa askofu wa kwanza, na Noeli za miaka hiyo zilikuwa kubwa, zenye kwaya kutoka vijiji vya mbali. Vita vya Ituri vilivyoanza mwaka wa 1999 vilimaliza ng'ombe wengi, na pamoja nao siagi. Katika famili nyingi kibuyu cha kutikisia maziwa kilibaki kikining'inia ukutani bila kazi. Lakini ndizi zilikuwepo, udongo ulikuwepo, na watu walirudi.

Pigo la mwaka wa 2021 lilikuwa la namna nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei wapiganaji waliosemwa kuwa ni ADF walishambulia Boga na Tchabi, hata mahali ambapo watu waliokwisha hama makwao walikuwa wamelala. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Mwezi wa Juni hospitali ya Boga iliporwa na sehemu yake ikachomwa moto. Maelfu walikimbia kuelekea Bunia, Nyankunde na Uganda, na wengi walikimbia bila hata sufuria.

Noeli ya mwaka ule, kwa famili hizo, ilianza bila udongo. Mtu aliyepanga chumba kimoja Bunia hapaki ukuta wa mwenye nyumba, na mtu aliye chini ya hema la plastiki hana ukuta. Ulezi unanunuliwa kwa kikombe na kupelekwa mashine ya kusaga. Mabua ya endiiro hayapatikani jirani. Ndizi, ambazo kule hakuna aliyezihesabu, zinauzwa kwa mkungu na bei inapanda kila siku tarehe 25 inavyokaribia.

Kilichobaki mikononi ni mandazi na gato, kwa sababu vinahitaji moto mdogo na sufuria ya kuazima. Mabati ya mafuta ya msaada, yale ya lita nne, yanakatwa na kuwa jiko, na kifuniko chake kinabeba makala vizuri kuliko cha sufuria ya zamani. Kuna wamama wa Boga walioanza kupika mandazi ya Noeli kwa ajili ya watoto wao na sasa wanapika kila asubuhi kwa ajili ya soko. Ndiyo yanayolipa kodi ya chumba. Wengine husema kwa masikitiko kwamba kitu cha siku kuu kimegeuka kitu cha kila siku, na watoto hawakipigii tena makofi.

Ndiyo maana katika baadhi ya nyumba hizo mandazi hayapikwi kabisa tarehe 25. Siku hiyo mama anatafuta ulezi, hata kikombe kimoja tu, anausonga na kuuweka katika sahani ya plastiki iliyofunikwa kwa sahani nyingine ili usipoe. Watoto waliozaliwa Bunia wanasema ni mchungu na mweusi, wanaomba wali. Bibi anawamegea kipande kimoja kimoja, anangoja wameze, na anawaeleza namna kapu lake linavyosukwa, akizungusha kidole juu ya meza, pande kwa pande. Msichana mmoja mkubwa huwa amekwisha toka nje kutafuta mabua ya kujaribia, na anarudi na majani ya mahindi.