Kima punju
Kima punju (Piliocolobus kirkii) ni kima wa Zanzibar, maarufu zaidi katika msitu wa Jozani, Unguja. Hula majani machanga, maua na matunda mabichi. Embe bivu, jambo la kushangaza, kwa kawaida haligusi: tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huchachusha majani, na sukari nyingi huzidisha asidi humo. Karibu na mashamba hula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazozuia protini kumeng'enywa; ndipo hutafuta mkaa, akaushika mkononi na kuutafuna, nao hufyonza kemikali hizo. Wakulima humlaumu kwa kula vidaka vya minazi, lakini utafiti haukuona mavuno ya nazi yakipungua.