Maji ya Korona

Ukiwa Vugiri, kwenye ukingo wa Usambara, mashamba ya mkonge ya Korogwe yako chini yako. Mmea huu si wa kwetu: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasalimika 62 tu. Historia yake husimuliwa kwa kamba, magunia na manamba walioletwa kuukata. Mimi ninayesoma famasia nimevutiwa zaidi na kilichomwagwa.

Singa ni kama asilimia 4 tu ya jani la mkonge. Kinachobaki korona hukitema pamoja na maji ya kijani, yanayonuka na kuwasha ngozi. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley, watafiti wa London, walionyesha kwamba takataka hizo ni chanzo cha hekojenini. Wakati huo kotisoni ilikuwa adimu. Philip Hench alikuwa ameijaribu kwa mgonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, na ilitengenezwa kwa taabu kutoka nyongo ya ng'ombe. Kotisoni inahitaji oksijeni kwenye kaboni ya 11. Hekojenini inayo kwenye kaboni ya 12, jirani kabisa, kwa hiyo mkemia anaihamisha nyumba moja tu. (Viazi vya mwituni vya Mexico, washindani wake, havikuwa nayo upande huo, Upjohn walitumia ukungu kuiweka.)

Ugumu ulikuwa usafi. Maji ya mkonge yaliachwa yachache, mashapo yakachemshwa kwa asidi, na hekojenini ikatoka pamoja na nduguye tigojenini. Umbo ni lilelile, ila tigojenini haina oksijeni ile ya 12, na zote mbili hugandia pamoja. Njia mojawapo ya kuzitenga ni kitendanishi cha Girard, kinachoishika oksijeni hiyo kama mpini na kuiacha tigojenini nyuma. Oksijeni moja, basi, ndiyo iliyoipa hekojenini thamani na ndiyo iliyoisafisha. Kule korona, neno “safi” lilihusu weupe wa singa.

Glaxo ya Uingereza ilitengeneza kotisoni, na baadaye betamethasoni, kwa hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki. Serikali ya Tanzania ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge mwaka 1967, ilichukua ardhi, reli ndogo za shambani na korona zenyewe. Hatua za kutoka hekojenini hadi dawa zilikuwa Uingereza, ndani ya hataza na vichwani mwa wakemia.