Endofini za pituitari ya samaki

Endofini za pituitari ya samaki ni peptidi za jamii ya opioidi zinazotengenezwa katika tezi iliyo chini ya ubongo wa samaki. Chanzo chake ni protini ndefu iitwayo proopiomelanokotini (POMC). Vimeng'enya huikata protini hiyo vipande vipande: kimoja ni ACTH, inayochochea utoaji wa kotisoli, vingine ni MSH, homoni za rangi ya ngozi, na cha mwisho ni beta-endofini.

Tezi yenyewe ni ndogo kama punje ya ulezi katika samaki wengi. Wazalishaji wa vifaranga vya kambare wanaijua vizuri, kwa kuwa huitoa, huisaga na kumdunga jike ili atage. Kinachofanya kazi hapo, hata hivyo, ni homoni za uzazi, si endofini. Katika samaki wenye mifupa wa kundi la teleosti, nyuzi za neva kutoka kwenye ubongo huingia moja kwa moja ndani ya tezi.

Utafiti wa opioidi za mwilini ulianza kwa wanyama wa nchi kavu. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, walitambua opioidi ziitwazo enkefalini katika ubongo wa nguruwe. Mwaka uliofuata Choh Hao Li na David Chung, huko California, walieleza beta-endofini ya pituitari ya ngamia, yenye asidi amino 31. Kwa upande wa samaki, kazi kubwa ilifanywa Japani na Hiroshi Kawauchi na wenzake, waliochambua pituitari za samoni wa spishi ya Oncorhynchus keta.

Samoni ndiye aliyeonyesha jambo lililo muhimu kuliko yote katika mada hii. Ili endofini ishike kipokezi cha opioidi, asidi amino ya tirosini iliyo mwanzoni mwa mnyororo wake lazima iwe wazi. Katika sehemu ya kati ya pituitari, tirosini hiyo hufunikwa kwa kundi la asetili, na peptidi hupoteza nguvu zake za kiopioidi hata kabla ya kumwagwa katika damu. Katika sehemu ya mbele, kwenye seli zinazotoa ACTH, kwa kawaida haifunikwi. Protini mama ni ileile. Seli inayoikata ndiyo huamua itakuwa nini.

Hilo halina maana kwamba endofini iliyofunikwa ni taka. Kwa perege wa Msumbiji (Oreochromis mossambicus), aliyechunguzwa kwa miaka mingi huko Nijmegen, Uholanzi, seli za sehemu ya kati huimwaga pamoja na alfa-MSH, na mkazo unaweza kubadili utoaji wake. Kazi yake kamili bado ni uwanja wa utafiti.

Chimbuko la endofini ni la kale. Lamprei wa baharini (Petromyzon marinus), samaki asiye na taya, ana jeni mbili tofauti: moja hubeba ACTH, nyingine MSH, na kila moja ina endofini yake. Mbali na alfa, beta na gama, papa wana MSH ya nne, iitwayo delta, ilhali teleosti wamepoteza ile ya gama. Samaki wenye mapafu wa jenasi ya Protopterus, akiwemo kamongo wa Ziwa Victoria, bado wanayo gama-MSH, kama wanyama wa nchi kavu.

Kuhusu maumivu, tahadhari inahitajika. Samaki wana vipokezi vya opioidi, na majaribio ya Lynne Sneddon kwa trauti, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kuwa mofini hupunguza tabia zinazotokana na kudungwa asidi mdomoni. Lakini endofini nyingi katika damu ya samaki si kipimo cha maumivu wala cha nafuu. Kipimo kisichotenganisha endofini iliyofunikwa na iliyo wazi huhesabu pamoja peptidi isiyoweza kushika kipokezi na ile inayoweza.